Wasifu si Sifa: Poly Styrene Atazamwa Darajani

Kwetu sisi panki ni mtindo wa nywele. Mwambie kinyozi wa Darajani akunyoe panki, hatakuuliza unasikiliza muziki gani. Atachukua mashine, akupare pembeni, akuachie nywele katikati kama upanga wa jogoo. Neno lilivuka bahari, muziki wenyewe ukabaki huko huko. Kaseti za rege tulikuwa nazo, za nyimbo za filamu za Kihindi zilijaa, Michael Jackson ndo usiseme. Lakini wale vijana wa London wa mwaka 1976, waliojitoboa kwa pini na kupiga gitaa kama mtu anayevunja mlango, hao hatukuwasikia. Hata mtoto wa Mji Mkongwe aliyekwenda kuwa mfalme wa roki Uingereza, Farrokh Bulsara ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, wengi wetu tumemjua kwa sababu ya watalii wanaoulizia nyumba yake.

Basi ninayo filamu ya kuwasimulia, wenzangu wa kalamu, na si ya Freddie. Ni ya mwanamke. Tena baba yake ni Msomali, yaani jirani yetu wa pwani hii hii. Inaitwa Poly Styrene: I Am a Cliché, imetoka mwaka 2021, na ni dokumentari, filamu ya maisha ya kweli isiyo na mwigizaji wa kulia machozi ya uongo. Waongozaji ni wawili: Paul Sng na Celeste Bell. Huyo Celeste ndiye binti wa mwimbaji mwenyewe. Ishikeni khabari hiyo, maana filamu yote imening'inia hapo.

Kwanza niwape maisha kwa ufupi. Marianne Joan Elliott-Said alizaliwa Uingereza mwaka 1957, mama Mzungu, baba Msomali. Akakulia Brixton, London ya watu weusi na ya mafukara, nyumbani kwa mama aliyewalea bila baba. Tarehe 3 Julai 1976 anatimiza miaka 19, anakwenda mji wa Hastings, pwani, anawakuta Sex Pistols wanapiga mbele ya watu wachache. Anarudi na uamuzi. Anatia tangazo gazetini kutafuta vijana wa panki wa kuanza nao bendi. Ikawa X-Ray Spex. Mwaka 1977 wakatoa wimbo wao wa kwanza, Oh Bondage Up Yours!, jina ambalo kwa Kiswahili cha adabu ningelieleza kuwa ni tusi kwa kila aina ya minyororo. (Kutoka Darajani hadi Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mie sikuweza kulisikia jina lile kwa masikio ya mtu wa London.) Mwaka 1978 wakatoa albamu, Germfree Adolescents. Mwaka 1979 akatoka kwenye bendi. Miaka mitatu tu, lakini hadi leo wanawake wanaopiga roki wanamtaja.

Mtu mwenyewe hakufanana na wenzake. Meno ana vyuma vya kuyanyoosha, na hacheki kwa kuficha mdomo. Nguo ni za rangi za kuumiza macho, na sauti ni ya kukata, haibembelezi mtu. Ndani ya bendi pana saksofoni, chombo ambacho wapenzi wa panki hawakukitarajia. Na jina la jukwaani alilitoa katika kitabu cha simu cha biashara, akitafuta kitu cha plastiki. Polystyrene ndiyo yale mapande meupe mepesi yanayokuja ndani ya kasha la televisheni, unayoyatupa ukishaitoa. Aliona kuwa mwanamuziki maarufu ni kitu cha namna hiyo: kinatengenezwa, kinatumika, kinatupwa. Na nyimbo zake zikawa hizo, plastiki, matangazo ya biashara, maduka makubwa, watu kununua hadi wasijue wao ni nani. Zanzibar imepiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Huyu alikuwa anaimba khabari ya plastiki mwaka 1978, akiwa na miaka 21.

Sasa filamu. Kuna dokumentari za wanamuziki za namna ambayo ukishaona moja umeziona zote. Mzee mwenye mvi anakaa kwenye kiti, nyuma yake kuna gitaa ukutani, anasema, "Siku ile nilipomsikia, nilijua." Kisha mwengine. Kisha mwengine. Baada ya saa moja unajua kwamba marehemu alikuwa mkubwa, na hujui kitu chengine. Filamu hii imeikwepa njia hiyo kwa ujanja mmoja mwepesi: waliohojiwa wanasikika, hawaonekani. Tunaangalia picha za zamani, madaftari, michoro ya mkono, na sauti zinapita juu yake. Uso hai unaoonekana kila mara ni mmoja, wa binti, anayetembea katika miji mama alimopita. Na maneno ya mama, yale aliyoyaandika katika shajara zake, yanasomwa na mwigizaji Ruth Negga, ambaye amezaliwa Addis Ababa kwa baba Muethiopia. Kwa hivyo unapata kama mazungumzo ya wawili, mmoja yu hai na mmoja kaburini, na hawakubaliani.

Hapo ndipo ilipo nguvu yake. Celeste anaanza na swali ambalo watu humuuliza: mama yako alikuwa mama mzuri? Na hakimbilii kusema ndiyo. Ingekuwa sisi, jamani, tungeshasema ndiyo kabla swali halijamalizika!

Tunaonyeshwa kwa nini hawezi kukimbilia. Mwaka 1978 bendi imepanda. Wanakwenda New York kupiga katika klabu ya CBGB, na mji ule wa matangazo na taa, mji ambao nyimbo zake zote zilikuwa zimeukejeli, unamwelemea. Mwaka huo huo Uingereza kuna tamasha kubwa la kupinga ubaguzi wa rangi, Victoria Park, London, maelfu kwa maelfu ya watu. Alikwisha kusema kuwa wakitaka kumfanya pambo la kuwatamanisha wanaume, atanyoa kichwa. Siku ile akapanda jukwaani na kitambaa kichwani. Chini ya kitambaa hakuna nywele. (Kinyozi wetu wa Darajani angechanganyikiwa: panki wa kweli ni huyu asiyebakisha hata unywele mmoja.) Baadaye, safarini na bendi, anaona mwanga wa ajabu dirishani usiku. Anapelekwa hospitali. Madaktari wanasema ni skizofrenia. Miaka mingi inapita ndipo wengine wanasema sivyo, ni ule ugonjwa ambao akili inapanda juu mno kisha inashuka chini mno. Hebu fikiria: mtu anabeba jina la ugonjwa usio wake miaka yote hiyo.

Baada ya bendi akaolewa, akajifungua Celeste, kisha akaingia katika jumuiya ya Hare Krishna. Mama na mtoto wakaishi katika jumba lao nje ya London, lile ambalo George Harrison wa Beatles aliwapa mwaka 1973. Mama ana ibada, ana maono, ana siku za furaha na siku ambazo hainuki kitandani. Mtoto mdogo yupo hapo, anayaona yote. Mwishowe mtoto akaenda kulelewa na bibi yake. Celeste anayasema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, hapigi kelele, halii. Yaani anamshitaki mama yake mbele yetu, na wakati huo huo unaona kuwa hakuna mtu duniani anayempenda mwanamke yule zaidi yake. Mambo mawili hayo yanakaa katika sentensi moja. Mie nimesoma riwaya nyingi ambazo hazijaweza hilo.

Tuliitazama watu watano, kwenye chumba cha juu ya duka moja la simu hapa Darajani, kompyuta imewekwa juu ya kasha la juisi, na chini watu wanabishana bei ya chaja. Mama yake mwenzetu mmoja alikuja kutuletea chai na mandazi, akakaa kidogo. Hakijui Kiingereza kingi, tukawa tunamtafsiria. Alipofahamu kwamba yule kijana wa kike anayezungumza ndiye mtoto, akaweka kikombe chini.

"Mtoto gani huyu anamtoa mama yake nje? Maiti husitiriwa, mwanangu."

"Bi mkubwa, lakini mama mwenyewe aliyaandika haya."

"Ameyaandika daftarini. Daftari si barabara."

Wenzangu walicheka. Mie sikucheka, maana yule bi mkubwa amesema neno ambalo kila anayetaka kuandika katika mji huu lazima alijibu, ama asiandike. Sitara kwetu si kitu cha kuchezea. Nyumba zetu zimejengwa kwa sitara. Mlango mzito, baraza nje, na anayepita hajui ndani kuna nini. Mtu akifariki anayemwosha haelezi alichokiona mwilini. Sasa anakuja mtoto na kamera.

Lakini nampinga bi mkubwa, kwa heshima yake, na hoja yangu ni hii. Celeste hamtoi mama nje peke yake. Anatoka naye. Anasema alivyokasirika, alivyoondoka, na alivyokaa miaka na yale maboksi ya marehemu bila ya kuwa na ubavu wa kuyafungua. Anayesengenya hubaki ndani ya baraza yake, kanga imefunika mdomo, huyu hajajifunika. Tena kuna suala la ugonjwa. Hapa mjini mtu akiugua akili tunasema ana shetani, au tunalitaja jina la Kidongo Chekundu kwa mzaha, na tukishacheka tumemaliza kazi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Walifikiria maradhi ya mwili, nadhani, lakini maneno yanatosha na haya. Mama yule angepata jina sahihi la ugonjwa wake mapema, huenda mtoto asingehamia kwa bibi. Kulifunika jambo kama hilo kunamsitiri nani? Marehemu hana tena cha kuogopa. Wanaofaidi sitara hiyo ni sisi tuliobaki, tusiulizwe maswali.

Bi mkubwa hakushindwa, msomaji. Alisema, "Haya, nyie mmesoma," akaondoka na sinia lake. Katika Kiswahili cha Unguja hiyo si sentensi ya mtu aliyekubali.

Ilikuwa baada ya hapo ambapo mmoja wetu akasema, "Huyu ni Bi Kidude wao." Tukaacha filamu, tukaanza kubishana, hadi taa za barabarani zikawaka.

Tuangalie basi. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, mtoto wa muuza nazi. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote panapojulikana. Wengi husema alipita miaka 100. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013. Huyu wa London aliondoka mwezi huo huo wa Aprili, mwaka 2011, kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 53. Hata majina yanashangaza. Mmoja alizaliwa mdogo mno, wakamwita kidude, kitu kidogo kisicho na jina. Wa pili akajiita plastiki ya kutupwa. Wanawake wawili walioitwa vitu, wakakataa kuwa vitu. Bi Kidude alivuta sigara mbele ya watu, alikunywa bia, aliupanda msondo akaupiga, na akafundisha unyago vizazi kwa vizazi vya wari. Sauti yake ilikuwa kavu, ya koo, haina sukari hata kijiko. Ilikuwa Unguja tu, panki hata neno hatujalipata.

Na filamu? Mbili zinazojulikana zaidi juu yake ameziongoza mtu mmoja, Mwingereza, Andy Jones. Ya kwanza, ya mwaka 2006, inaitwa As Old as My Tongue: The Myth and Life of Bi Kidude. Nimeiona mara tatu. Inampa bibi nafasi: anavuta, anacheka, anapiga ngoma, anasafiri Ulaya kuimba na wazee wa taarab, anarudi katika chumba chake kilekile. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, haina haraka. Lakini soma jina. Msemo ule, kwamba umri wangu ni sawa na ulimi wangu, ni msemo wa kale wa Kiingereza. Jonathan Swift alishautia kitabuni mwaka 1738. Na katika hayo maneno yanayofuata, hekaya imetangulia, maisha yako nyuma. Ndivyo filamu ilivyo. Tunampata bibi wa maajabu. Umri wake ni ajabu, sigara yake ni ajabu, kuimba kwake katika umri ule ni ajabu. Ukitoka hapo unampenda, naam, lakini hujakasirika naye hata mara moja, na mtu ambaye hujakasirika naye bado ni mgeni wako.

Ya pili, ya mwaka 2015, ni kali zaidi, na kwangu ni bora zaidi. Mwaka 2012 zilivuma khabari mjini na magazetini kwamba Bi Kidude ametekwa, amefichwa, hana ruhusa ya kuimba. Upande mmoja ukasema amezeeka, anaumwa, anatunzwa na jamaa zake. Upande wa pili ukasema kuna mtu anataka fedha. Na nyuma ya kelele kukawa na swali ambalo kila baraza ililijua: miaka yote hiyo ya matamasha, ya kaseti na sidii, ya tuzo ile kubwa ya WOMEX aliyopewa mwaka 2005, kwa nini bibi anaishi vile anavyoishi? Andy Jones akarudi na kamera kuuliza. Filamu akaiita I Shot Bi Kidude. Kiingereza kinacheza hapo, neno moja ni la kamera na la bunduki, na Kiswahili chetu nacho kinaujua mchezo huo: picha tunapiga, risasi tunapiga, kitenzi ni hicho hicho. Jina tu limeshajishitaki. Mwenye kamera naye ni katika waliomchukua kitu.

Hata hivyo, ni shitaka la mgeni. Bi Kidude hakuzaa. Hakuna Celeste wake, hakuna mtu wa kusema "mimi nilikuwa chumbani, na siku ile mama alinisahau". Waliokuwa chumbani ni wari aliowafunda, na ya unyago hayatoki nje, nami ni mwanamume, wala siombi yatoke. Waliobaki ni sisi tuliomwona njiani. Nasi tulikuwa na lugha mbili tu za kumsema. Wageni wakiwepo: fahari yetu, malkia, hazina ya taifa. Wageni wakiondoka: bibi mlevi yule, astaghfirullah. Sifa na masengenyo. Katikati ya hayo mawili, pale anapokaa binadamu, hapakuwa na mtu.

Hili ndilo linaloniwasha khasa, na linatuhusu sisi wa kurasa hizi. Neno letu la habari za maisha ya mtu ni wasifu, na wasifu na sifa ni neno la mzizi mmoja. Tangu skuli tumefundishwa hivyo bila ya kuambiwa. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, juu ya mwanamke wa Fumba aliyefinyanga na kuuza vyungu kisha akaimba hadi akapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Ni kitabu ninachokipenda, na kwa wakati wake kilikuwa kitendo cha ushujaa, kumwandikia kitabu mwimbaji mwanamke wa tabaka lile. Lakini humo Siti ni mfano mwema kutoka ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho. Sie wajukuu tumechukua sifa, tukaacha ushujaa. Fungua gazeti lolote msanii akifa. Pengo lisilozibika. Mti mkubwa umeanguka. Tutamkumbuka daima. Yule mama wa panki alikuwa na wimbo unaosema yeye mwenyewe ni cliché, yaani ni neno lililochakaa kwa kutumiwa, na binti yake akalichukua liwe jina la filamu. Angesoma taazia zetu angecheka hadi vyuma vya meno vianguke.

Nimeisifu filamu, sasa niitie dosari zake, maana zipo. Waheshimiwa wa muziki ni wengi mno, na hata wasipoonekana nyuso, unachoka kuwasikia wakikubaliana. Sehemu ya India, binti anapofuata imani ya mama, imelainishwa. Ule ukali wa mwanzo unapungua, na mtu anahisi mazishi yameshaanza. Na kubwa kuliko yote kwangu mie mtu wa pwani hii: baba anapita haraka. Filamu inatueleza vizuri uchungu wa mtoto wa rangi mbili katika London ya miaka ya 1960, asiye mweusi wa kutosha kwa hawa wala mweupe wa kutosha kwa wale. Usomali wenyewe lakini ni kama kivuli mlangoni. Ni lugha gani aliizungumza baba huyo? Alipita bandari gani hadi kufika Uingereza? Wasomali wamefanya biashara na mabaharia wao wamepita hapa Unguja vizazi na vizazi. Mtu wa huku akiitazama filamu hii anahisi nusu ya nyumba imefungwa na ufunguo uko upande wetu wa bahari. Celeste hana wa kumlaumu. Alifungua maboksi aliyoachiwa, na katika maboksi hayo Kisomali hakimo.

Maboksi, basi. Filamu hii imewezekana kwa sababu mbili zisizo na uhusiano wowote na kipaji. Mama aliweka karatasi zake. Na mwaka 1979, binti wa miaka 21 asiyejulikana na wazee wala na maprofesa, BBC walimtengenezea filamu nzima, Who Is Poly Styrene?, wakamfuata anapokwenda, anapowaza, anapoandika. Picha hizo ndizo zinazopumua ndani ya filamu ya 2021. Na sisi tusiseme hatukuwa na mashine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, majirani zetu wengi hata nyeusi na nyeupe hawana. Wanawake wangapi wa ngoma, wa taarab, wa kibati, wenye miaka 21 wakati ule, walipita mbele ya kamera ile? Leo ni mabibi wa miaka sitini na sabini na zaidi, wengine wanakaa mtaa mmoja na wewe unayesoma hapa. Nani anajua wameweka nini chini ya kitanda?

Nimeanza kuuliza. Mwenye duka mmoja hapa Darajani, zamani alikuwa akiuza kaseti, sasa anauza vioo vya simu, ana katoni tatu nyuma ya dukani, za marehemu baba yake aliyekuwa akirekodi maharusini. Wiki mbili alinikatalia. Alisema humo kuna sauti za mama za watu, na baadhi yao wakikasirika watakuja dukani kwake, si kwangu. Nikamwambia sitachapisha kitu bila ya mwenyewe kuridhia, na kama mwenyewe hayupo basi watoto wake. Akafikiri. Juzi akanipa moja tu, ya kujaribia. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya buluu, hati ya kale: harusi, Mwembetanga, usifute. Hatujaisikiliza, maana redio za kaseti zimekwisha mjini. Kuna mtu wa Kikwajuni anayo inayofanya kazi, amesema tuje Ijumaa baada ya sala, na tuje na betri zetu.